Fimbo ya Pazia

Miaka thelathini na moja fimbo hii imebeba pazia
la chumba cha mbele, hapa Tukuyu,
kitenge cha kuku na vifaranga,
misumari miwili,
na hakuna mgeni aliyewahi kuiuliza jina.

Leo kijana kutoka Mbeya ameivua pazia lake
taratibu, kama daktari anavyofunua shuka,
akaipeleka mlangoni kwenye mwanga kidogo tulio nao,
kisha akaibingirisha mezani, sikio karibu na ubao.
"Haijapinda," alisema. Akameza mate.
Nikajua papo hapo: bei ipo.

Anaitwa Gwamaka. Hununua vya kale,
saa za ukutani, redio za mbao, pasi za mkaa.
Fimbo za pulu za siku hizi, anasema, ni kuni zenye rangi.
Ila hii! Mpingo upande wa kushika,
umeumana na mti mweupe kwa meno manne,
meno ya mkono, si ya mashine,
tazama mama, moja limewazidi wenzake.
Na hiki kibati cha shaba, tukifuta masizi...
Tukafuta masizi. Herufi tatu: H. W. P.

Laki nane, alisema.
Halafu akavaa miwani, na pesa zikaanza kushuka.

Ncha si yake, imekatwa kwenye soli ya kiatu.
Toa laki.
Pete ya juu ni pembe ya ng'ombe, imechongwa kwa kisu.
Toa laki na nusu.
Na hapa mpingo umelika, unaona hili bonde,
upana wa kidole gumba?
Toa elfu themanini.

Bonde hilo nalijua.
Ni la Mjomba Ambakisye, mpanga mipira
kwenye klabu ya wazungu wa chai,
aliyesimama ukutani miaka kumi na tisa, chaki mfukoni,
akihesabu pointi za watu waliomwita "wewe".
Usiku, magari yakishaondoka, alifunga madirisha,
akazima taa zote ila moja,
akacheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto.
Wa kushoto, alituambia, ulikuwa mwizi.
Soli ilikuwa ya kiatu chake mwenyewe;
mwaka ule alikwenda kanisani na mguu mmoja ukinywa maji.
Pembe ilitoka kwa ng'ombe wa mahari ya mama yangu,
yule mwekundu, aliyekufa kwa ukaidi.
Klabu ilipofungwa, meza iliondoka na lori.
Fimbo aliachiwa yeye, badala ya mishahara miwili.
Hiyo ndiyo bei yake ya kwanza. Haikuandikwa popote.

"Ingepanda," Gwamaka alisema, "tungekuwa na karatasi.
Wanunuzi wakubwa wanataka ukoo wa kitu.
H. W. P. alikuwa nani?"
Sijui. Mjomba alimwita Bwana Mafua.
Gwamaka hakuandika hilo.
"Na jina la mjomba," nikauliza, "linaongeza ngapi?"
Akatazama mvua.
Ni kijana mwenye adabu.

Nimeuza. Msinitazame hivyo.
Bati la jikoni linavuja, na Tukuyu si mahali pa kuvuja.
Laki nne na elfu sabini, taslimu, nimehesabu mara mbili.
Karatasi nimeiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu:
Ambakisye Mwaisumo, mstari wa kwanza,
kiatu, ng'ombe, mkono wa kushoto na wizi wake,
H. W. P. chini kabisa, palipobaki nafasi.
Nikaikunja nyembamba, nikaifungia kwenye mpingo
kwa uzi wa cherehani, mafundo saba;
hayafunguki kabla ya Uyole.

Pazia sasa liko juu ya mwanzi.
Mwanzi unabonyea,
na kuku wote wa kitenge wameteremkia katikati,
kama kuna mtu kamwaga mtama.