Upande wa Pili wa Kadi

Kadi yangu ya kliniki ni ya manjano,
pembe zake zimeliwa na jasho.
Upande wa kwanza umejaa:
sukari, kumi na tatu nukta mbili;
presha, mia na sitini juu ya mia;
goti la kushoto; usingizi, mbovu;
uzito, na alama ya mshangao
aliyoichora daktari kijana akidhani siioni.

Miaka sita nimeibeba mkobani
kama hati ya kesi niliyokwisha kushindwa.
Kila mwezi natoka Langoni, nasomewa mashtaka,
narudi na vidonge na usile.
Usile halwa. Usile mahamri.
Wali wa nazi, vijiko vitatu.
Basi mimi ni mtu,
au orodha ya visivyoliwa?

Mwezi wa Rajabu nikamkuta Khuleita,
mhudumu mpya, mzaliwa wa Matondoni,
ana mwanya, anaandika kwa mkono wa kushoto.
Akaigeuza kadi.
"Huko hakuna kitu," nikamwambia.
"Ndiyo maana. Nitajie kilicho kizima."

Nilicheka. Kizima? Kwangu mimi?
Nikatazama chini, nikaviona vidole vyangu.
Bado nashona kofia, nikasema,
matundu mamia kwa mamia,
na hakuna hata moja lililokwenda upande.
Akaandika: *Mikono. Subira.*

Nyumba yetu ina ngazi ishirini na tatu hadi jikoni darini.
Goti hulalamika, lakini hupanda.
Akaandika: *Ngazi 23.*

Tena yuko Mwanamaka, ng'ambo ya wikio.
Nikichelewa kufungua dirisha
hugonga ukuta kwa mchi: "We! Yeo huamki?"
Akaliandika jina lake, akaomba na namba ya simu.

Na usingizi ukinikimbia,
huwa nasimama, naswali rakaa mbili
mji umenyamaza, hata punda wamelala.
Kalamu ikasita. "Usingizi uko upande wa kwanza."
"Uandike pande zote mbili," nikasema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu Bwanaadi.
Kadi yake ilikuwa safi, presha ya kijana.
Hakuna aliyemuuliza
tangu kaka yake azikwe alikuwa akizungumza na nani.

Sitadanganya: sukari
haikusoma alichoandika Khuleita.
Mwezi uliofuata, kumi na moja na ushei.
Goti ni lile lile.
Ila sasa baada ya alasiri
mimi na Mwanamaka twatembea hadi Mkomani na kurudi,
yeye akisengenya, mimi nikihema,
na mbaazi nazila bila hamri wala lawama.
Vidonge navimeza kama mtu anayepokea msaada
nyumbani kwake mwenyewe,
si kama mfungwa anayepewa uji.

Juzi kadi imejaa, nimepewa mpya.
Karani amenakili upande mmoja tu,
kwa mwandiko mzuri, bila kuruka kosa.
Usiku nikaazima kalamu ya mjukuu wangu Swabra,
nikaketi ngazi ya kumi na mbili, penye taa.
Nikaigeuza.
Nimeanza na kofia.