Sosi ya Kamba

Kila meza huniuliza swali lile lile,
rangi ya waridi ikiwa bado pembeni mwa midomo:
nani aliibuni?

Bi Ornella, mwenye hoteli, huwahi kujibu.
Ni ya mama yake, asema, ilivuka maji
ndani ya daftari lililofungwa kwa utepe.
Daftari sijaliona. Utepe nimeuona:
umefunga funguo za stoo.

Athmani Shee, aliyebeba sinia miaka thelathini na moja,
naye ana yake. Harusi ya watu wa Milano,
nyanya za kopo zikamwagikia mayonezi,
wageni washakaa, kamba washapoa;
akakoroga kwa kijiko cha chai, akapeleka,
akasema ndivyo inavyoliwa Malindi.
Kijiko hicho anacho. Hukitoa mfukoni
kama mtu aliyesimamishwa akadaiwa kitambulisho.

Hakuna kilichomwagika,
aliapa Mpishi Ngumbao, baba yangu.
Alikoroga usiku saba, akionja, akitema.
Alikufa na doa kwenye aproni
lisilotoka kwa jiki wala kwa ndimu.

Mama alikuwa akiwasikiliza wote
huku akimenya kitunguu saumu.
Tulipotoka kumzika baba, kule Muyeye,
ndipo aliponiambia,
kwa sauti ya kuulizia bei ya unga:
"Ukwaju ulikuwa wangu.
Nilimtilia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi
asije akaulizwa getini.
Kijiko kimoja, na pilipili mbuzi ya kuchoma.
Bila hivyo, ile ni rangi tu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Sawa. Lakini haki hii
iliingilia mlango wa nyuma ikinuka dawa ya kifua,
haina daftari, haina hata kijiko.

Jana mgeni mmoja, kikongwe, alilamba bakuli,
akafumba macho. Hii, akasema,
niliila kwetu, utotoni,
kabla hoteli hii haijachimbiwa msingi.
Nilisimama na sinia langu.
Ilikuwa na ukwaju? nikamwuliza.
Akafikiri sana.
Hakujua ukwaju ni nini.

Nikarudi jikoni. Chupa imebaki robo,
kesho nitamwambia mama.
Lebo imefutika yote, jina la dawa,
la kiwanda, la mgonjwa,
isipokuwa mstari mmoja wa chini:
tikisa kabla ya kutumia.