Alama

Mwaka wa kwanza walikuja na fomu.
Umri wako, mama? Watoto wangapi? Maji unateka wapi?
Tukajibu tumesimama, ndoo kichwani.
Wakashukuru kwa Kifaransa,
wakapanda pikipiki, vumbi jeusi likawafunika.
Mwaka wa pili wakaja wengine, fomu ileile,
na Kavira akamjibu mmoja:
umri wangu uko kwa mwenzako, kamwulize, kisha uongeze moja.

Sisi ni chama cha akina mama wa Bulengo, magharibi ya Goma:
wanachama thelathini na mmoja, muhuri mmoja,
sanduku moja lenye kufuli tatu.
Mimi ndiye mwandishi. Kalamu najinunulia.
Shida yetu haihitaji fomu.
Ni mazuku,
hewa isiyo na rangi, inayolala mashimoni kati ya makoro
ikingoja alfajiri isiyo na upepo.
Mbuzi anayeinama kula majani hainuki.
Mwezi wa tatu hakuwa mbuzi.
Alikuwa mtoto wa Nzigire, alifuata mpira.

Baada ya matanga nilivaa kitenge cha chama,
nikaenda chuo kikuu, nikaketi kwenye benchi
la Profesa Lukoo, tangu saa mbili hadi saa saba.
Sikuomba msaada. Nilisema:
nimewaletea wanafunzi wako kazi.
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.
— Na ninyi mtatoa nini?
— Mashimo. Njia. Uji wa saa nne. Na nusu ya alama.
— Nusu ya nini?
— Ya alama. Kumi utatoa wewe kwa watakayoyaandika,
kumi tutatoa sisi kwa watakayoyarudisha.

Mkataba tuliuandika nyuma ya kalenda ya zamani.
Muhuri wao wa buluu, wetu wa zambarau;
mvua ilikuwa inanyesha, ikatubidi kuupepea kwa kanga.

Wakaja Alhamisi, saba, buti mpya,
na mashine ya manjano ya kupimia hewa
iliyozimika kabla ya shimo la pili:
usiku kucha kwao hakukuwa na umeme.
Wakatazamana.
Hapo Bauma, mchunga mbuzi wa miaka kumi na miwili,
akafunga nyasi kavu kwenye ncha ya fimbo, akawasha,
akashusha polepole.
Kiunoni, moto. Pajani, moto.
Gotini, kimya, kama mtu amefumba jicho.
"Leo imefika hapa," akasema. "Jana ilikuwa kwenye kifundo."
Tumsifu, yule mrefu asiyeongea,
akatoa kaye yake, akauliza:
jana saa ngapi?
Nikajua huyu atapita tano.

Hawakuwa malaika. Wawili walitoroka wiki ya pili.
Mmoja alitaka kutufundisha jina la kitaalamu la mazuku;
tukamwambia hata vitabu vyenu vimeazima letu.
Sisi pia si malaika: rangi nyekundu ya vigingi
ilipungua kidogo, ikaonekana kwenye mlango wa mtu. Simtaji.

Matokeo waliyasoma kwa Kiswahili, chini ya turubai.
Mashimo arobaini na matatu.
Jina la Bauma lilikuwa ukurasa wa kwanza.
Akalipitishia kidole: "Mmeniibia a."
Nzigire alisikiliza hadi shimo la kumi na saba,
akainuka, akatoka.
Kesho yake kigingi cha kumi na saba
kilikuwa kimepakwa rangi mara mbili.

Alama tulizipeleka Julai, ndani ya bahasha, na muhuri.
Sasa ni Septemba. Majani yamepanda,
mvua za kwanza zimelamba nyekundu yote.
Leo alfajiri nikasikia jiwe likigonga mti kule chini.
Tumsifu, na kopo la rangi. Bauma anamshikia.
Nikamwambia: alama zimekwisha, mwanangu,
ulishapata nane.
Hakugeuka.
"Ndiyo, mama. Ila hii imefutika."