Pengo

Bwana Maeng alifika na mashine yake juu ya kigari cha kubebea kabichi,
ameifunika shuka kama mgonjwa wa homa,
na mfukoni, ndani ya karatasi ya peremende,
kijiti cha kumbukumbu, kizazi cha tano,
alichotumiwa na mjukuu wake aliye Daegu.
"Kitie," akasema. "Wanasema kina mbio."

Yongsan, ghorofa ya pili, Jumanne. Theluji imegeuka tope.
Vibanda vitatu jirani vimefungwa tangu vuli;
taa za korido huwaka moja, mbili zimekufa.
Mimi Tak Yeong-rim nimelehemu hapa miaka ishirini na sita,
na bado watu huniuliza fundi yuko wapi.

Sikumjibu. Nilifungua saraka, nikaulaza ukoo mzima mezani:
wa kwanza, volti mbili na nusu, mlafi, anachoma vidole;
wa pili, moja nukta nane;
wa tatu, moja na nusu, huyu ndiye aliyenilipia kodi na ada za mwanangu;
wa nne, moja nukta mbili;
wa tano, moja nukta moja,
na umeme wake anaupima mwenyewe mgongoni, haamini mtu.
Kila mtoto hula kidogo kuliko mzazi wake
na humwacha nyuma kwa mbio maradufu.
Sijaona ukoo mwingine wa namna hiyo,
wangu ukiwemo.

"Sasa tazama meno."
Akavaa miwani. Meno ya dhahabu, safu nzima,
na katikati pengo moja.
"Halikai mahali pamoja. Kila kizazi limehama,
hapa upana wa punje ya mchele, hapa chini ya hapo.
Aliyelichonga alitujua:
alijua tutalazimisha."
Bwana Maeng akacheka. Na yeye ana pengo, upande wa kushoto.

Damu moja, lakini hawalali chumba kimoja.
Ubao wako ulizaliwa na wa pili, utakufa na wa pili.

"Na hizo mbio?"
Hapo nikamwambia ambalo haliandikwi kwenye boksi.
Kwamba ukiwaita, neno la kwanza
huchelewa karibu sawasawa kwa wote,
nanosekunde kumi, kumi na tatu, wa zamani na wa leo.
Wanachozidiana ni yale yanayofuata:
wa pili huchota kwa kikombe, wa tano hufungulia bomba.
Lakini ile pumzi ya kabla ya kujibu,
ile hawajaweza kuipunguza.
Na wote ni wasahaulifu. Mara kumi na tano kwa sekunde, au zaidi,
lazima wakumbushwe walichoshika,
na ukizima umeme, hawakujui.

Alinyamaza kidogo.
"Basi tufanye nini?"

Nilikuwa na kimoja cha kizazi chake, gigabaiti mbili,
nilichokitoa kwenye kompyuta zilizotupwa na shule moja ya Incheon.
Nikayasugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikapuliza, nikabana. Klik, kushoto. Klik, kulia.
Mlio mmoja, mfupi.
Ukiwa mrefu, tungeanza upya.

Dakika nne zilizokuwa zikimtoa roho zikawa moja na ushei.
Likafunguka daftari la dobi, la mkewe,
lenye makosa yake yote ya tahajia:
koti la kijivu, kifungo kimoja hakipo, hajalifuata;
gauni la harusi, doa la mvinyo, kalipa nusu;
koti la kijivu tena, mteja mwingine.
Bwana Maeng alisoma kwa kidole hadi chini,
kisha akarudi juu, akasoma tena.

Won elfu tano. Akalipa kwa sarafu, nikahesabu, zikazidi, nikamrudishia.
Akaifunga mashine shuka lake.
Kile cha tano akakikunja vizuri ndani ya karatasi ya peremende.
"Nitampigia kijana jioni," akasema,
"nimwambie kimeingia, kinakwenda kama upepo."