Tatu Nukta Mbili

Bogumił Sawczuk ameleta shamba lake ndani ya mfuko wa sukari,
kilo moja na robo,
limefungwa kwa uzi wa soseji.
Nje, theluji ya Machi imekataa kuaga.
"Kila mwaka natia mbolea," anasema, "na kila mwaka
shayiri inachomoza nyembamba kama ndevu za mvulana.
Mbolea yangu inakwenda wapi, bibi?"

Simjibu. Naandika namba: 118.
Nautandaza mchanga wake kwenye sinia, ukauke,
kisha naupitisha kwenye chekeche.
Juu vinabaki vijizizi, kigae,
na kifungo cha shati la mtoto.
Kifungo nakitia mfukoni mwa koti.

Teofila, aliyenifundisha kazi hii
kabla ya mikono yake kuanza kutetemeka,
alikuwa akisema: punje ya mfinyanzi ni sebule yenye viti.
Chaji yake ni hasi, haitulii mpaka ikaliwe.
Kalisi huja, hukalia viwili.
Magnesi viwili. Potasi kimoja tu, mnyenyekevu.
Wala hakuna aondokaye bila mwingine kuingia.
Ni nipe nikupe;
hata mzizi hulipa, haidrojeni kwa chakula.

Na mchanga?
Mchanga una ukumbi mpana, viti vya kuhesabu.
Wageni husimama, mvua ikipiga hodi
hutoka nayo.

Basi nahesabu viti.
Namwagia asetati ya amonia, tone, tone, usiku kucha:
amonia waingie kama umati wa siku ya soko,
wamsukume kila mwenyeji, wakae wao.
Kisha spiriti, kuwaosha waliojibanza ukutani
bila kiti.
Kisha chumvi ya potasi, iwang'oe waliokaa,
nami nasimama mlangoni:
wanaotoka sasa ndio idadi ya viti.
Mvuke wao unapanda, unapoa, unadondoka,
nami natia asidi kutoka kwenye bureti, nimebana pumzi,
maana kijani hugeuka waridi kwa tone moja,
na tone moja la pili
huzika kazi ya siku mbili.

Tatu nukta mbili.
Nimerudia. Tatu nukta mbili.
(Tope jeusi la kinamasi, ng'ambo ya Narew,
lilinipa mia na kumi mwezi uliopita.
Mwenye lile tope hakuuliza kitu.)

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi.
Hapa mchukuzi hakupata nafuu:
magunia ameyalipia, mto ndio ulioshiba,
kila Julai unavaa mwani kama blanketi la sufi.

Namwambia. Anasikiliza akiwa amevua kofia.
"Na hivyo viti vichache," nasema, "havibaki vitupu.
Kalisi ikiondoka, haidrojeni hukaa, alumini hukaa,
udongo unachachuka."
Anacheka kidogo. "Ni kweli.
Nadzieja alikwenda Dublin,
sasa kiti chake anakalia paka."

Tia chokaa, nasema. Mbolea kidogo kidogo, si kwa mkupuo.
Samadi. Majani. Panda lupini, kisha ilimie chini ikiwa bado kijani.
Mboji ni seremala; ila ni seremala wa polepole.
"Miaka mingapi?"
Kumi, ukianza msimu huu.
Ana sabini na moja. Namwona akijumlisha kwa vidole,
chini ya meza, akidhani sioni.

Nakumbuka kifungo. Nakiweka juu ya cheti.
Anakigeuza, anakisugua kwa kidole gumba,
rangi ya samawati inajitokeza.
"Kumbe," anasema, "kuna ulichoshika."
Sijui anamwambia nani.

Mlangoni anageuka,
anaomba mchanga uliobaki.
Gramu mia nane na kitu. Hausaidii lolote.
Nampimia wote, mpaka vumbi la sinia,
nafunga kwa uzi uleule.