Koti la Chini ya Dunia

Robota lilipokatwa kamba, Jumanne, soko la Memorial,
lilitapika sweta, taulo za hoteli, gauni la harusi la mtu,
kisha likatoka koti jekundu, zito kama mtoto aliyelala.
Begani lina nembo: duara, nyota, ndege asiyeruka.
Kwenye ukosi, jina lililofuliwa hadi zikabaki herufi tatu.
Wenzangu wakacheka: Apaikunda, umepata koti la jokofu!

Mwalimu Kimambo wa jiografia,
anayechukua soksi kwangu kwa mkopo,
aliisoma nembo, akavua miwani.
"Hili limetoka chini ya dunia."
Akakalia robota la jinzi, akasahau kipindi cha saa nne.

Akanisimulia meli zilizotafunwa na barafu mpaka mbao zikalia,
watu waliokwenda kutafuta njia ya kaskazini
wakachemsha viatu vyao, wakavila.
Kisha mbio za kusini: hawa na mbwa, wale na farasi.
Farasi walizama theluji hadi tumboni, wakapigwa risasi.
Mbwa nao, waliovuta kwenda
walikuwa kitoweo cha kurudi.
Waliotangulia walisimika bendera, waliochelewa wakaikuta.
"Wiki tano tu," akasema, "kama deni la soksi."
Na hao wa pili wakafia hemani,
maili kumi na moja kutoka kwenye chakula chao.
"Ni hapa na TPC, Apaikunda. Hapa na kwenye miwa!
Na kwenye sleji yao kulikutwa mawe, kilo kumi na sita.
Wanakufa, na hawakuyatupa."

Nikamuuliza: mbwa walikuwa na majina?
Akasema, bila shaka.
Nani anayajua?
Akazirudisha miwani usoni, taratibu.

Baba yangu, Kaanaeli, alipanda Kibo mpaka akaacha kuhesabu.
Hakuna cheti hata kimoja chenye jina lake:
cheti hupewa aliyefika, si aliyefikisha.
Alistaafu na vidole vinane vya miguu
na kikohozi kilichomtangulia mlangoni.
Mwaka mmoja aliwabebea masanduku
watu waliokuja kuutoboa mlima,
wakaichomoa barafu kama uboho.
"Mizigo yote huchoma mgongo," alisema,
"ule uliniganda shingoni."
Akamenya ndizi, akaongeza:
"Ile barafu ilikuwa na umri kuliko Mchaga wa kwanza.
Nilishuka nayo mbio, nikiogopa isinifie."

Siku hizi nikifungua mlango alfajiri, mawingu hayajaamka,
namwona Kibo kama mzee aliyevuliwa kofia:
upara unapanda, mvi zinarudi nyuma.

Mtalii alilitajia koti laki mbili.
Nikasema si la kuuza.
(Uongo. Memorial hakuna kisichouzwa.)
Nilimkodisha Ndewario, kijana wa Mweka, safari yake ya kwanza,
aliyekuja na koti la mvua na raba zinazocheka.
Elfu mbili kwa siku, nikamwambia, ukilichana nitakuchana.
Usiku ule umeme ulikatika. Kwa tochi ya simu
nikashona kwenye ukosi, pembeni ya zile herufi tatu,
jina la baba, uzi mweusi,
mshono mbaya; K imeinama kama mtu aliyebeba.

Siku ya nane likarudi.
Linanuka mafuta ya taa, uji, soksi za watu kumi.
Nikapekua mifuko, kama tunavyofanya sisi wa mitumba,
mkono ukagonga kitu:
kijiwe cheusi, kina vitundu kama mkate.

Nikamfokea. Umebeba kilo ishirini za wageni,
kutwa kucha, mlima mzima,
halafu ukaongeza na jiwe?

Akaupokea mkononi mwangu uzito ule mdogo,
akaufutia shati.
"Hili, mama," akasema, "lilikuwa langu."