Anwani Kwanza

Miaka thelathini na miwili nimechambua barua
Posta ya Moshi, hatua chache kutoka Mnara wa Saa.
Mikono hii inajua: kabla ya habari, anwani.
Barua isiyo na mwenyewe ni karatasi tu;
tulizitupa kwenye kikapu cha zisizofika,
na kila Ijumaa kilijaa.

Kwa hiyo Mwinjilisti Zefania anaponguruma stendi,
kipaza sauti kikikoroma kama trekta bovu,
kwamba mnyama ni alama za vidole
walizotuchukua kusajili laini za simu,
kwamba mwaka umeshahesabiwa, tuuze viwanja,
mimi namtazama kwa jicho la karani
na swali linaniwasha ulimini:
baba, umesoma bahasha?

Imeandikwa waziwazi. Makanisa saba,
ng'ambo kule Asia, miji yenye majina:
Efeso, Smirna, Pergamo…
Mlikuwa na watu mle. Walikuwa na homa, madeni, wakwe.
Palikuwa na mshona viatu asiyeuziwa ngozi
kwa kuwa hakumfukizia mfalme ubani.
Palikuwa na mjane aliyezoea kusikia buti mlangoni usiku.
Hao ndio walioandikiwa.
Nani angemtwika mtu wa kiu
mtungi wa kitukuu chake,
amwambie asionje?

Ngoja nikusimulie.

Mwaka wa themanini na tatu
barua za Gereza la Karanga zilitufikia zimekwisha kufunguliwa,
mhuri wa ofisa mgongoni, mistari mingine imezamishwa kwenye wino.
Aminieli, kijana wa Machame, alikamatwa na magunia mawili ya sukari.
Akamwandikia mama yake. Bibi Ndekirwa hakujua kusoma;
akaniomba palepale dirishani, foleni ikinung'unika nyuma.
Nikasoma:

"Mama, yule chui mwenye jino la dhahabu ameanguka mtoni.
Nzige wamekula majani yote. Shina hawakuligusa.
Nimeona Kibo amevaa kanga nyeupe, anashuka kuja kwetu.
Usiuze migomba."

Nilidhani kijana amerukwa na akili.
Ofisa naye bila shaka alidhani hivyo,
ndiyo maana hakumwaga wino hata tone.
Lakini mama alishika ukingo wa kaunta
akacheka, machozi yakimfika kidevuni.
"Nyapara amehamishwa," akaninong'oneza.
"Mwanangu amekonda, ila yu hai."
Na hiyo ya Kibo?
"Hiyo si ya kueleza," akasema.
"Hiyo ni ya kuniinua kitandani kesho asubuhi."

Hakuniuliza tarehe.
Hakuhesabu nzige kwa vidole.
Aliniomba nirudie, polepole,
pale penye shina.

Sisemi barua ile ya mfungwa wa kisiwani haituhusu.
Nami nimeisoma, umeme umekatika,
mume wangu amelazwa KCMC, wodi ya pili,
madaktari wakiongea kwa mafumbo yao,
na ikanishika mkono.
Lakini niliingilia mlango wa Smirna.
Nilipiga hodi. Nilimsalimu mshona viatu,
nikaketi nyuma yake, sakafuni,
nikasikiliza akisomewa yeye.

Leo betri ya Zefania imekwisha.
Anafuta jasho kwa tai. Nimemnunulia soda,
nikamuuliza habari ya bahasha.
Akanitazama kama niliyemletea bili ya maji.
"Mama, Neno ni la wote."
Basi la Rombo likapiga honi, nikakosa la kujibu;
au nilikuwa nalo, likawa refu kuliko soda.

Nimekumbuka tu kwamba Bibi Ndekirwa, siku ile,
alifungua fundo la leso akanunua stempu.
"Niandikie jibu," alisema. "Liwe fupi, wasije wakashtuka."
Nikachovya kalamu.
Akafikiri kitambo, foleni imenyamaza sasa, inasikiliza.
"Andika: Imefika. Migomba ipo."